Louis Leakey na mpaka wa mtu na mnyama

Kama umewahi kupanda matatu ya kutoka Kisumu kwenda Muhoroni, najua ulichokiona: miwa, trekta za miwa, halafu miwa tena. Ukisinzia Chemelil unaamka kwenye miwa. Lakini panda kidogo, pita Koru, ufike Fort Ternan upande wa Kericho. Hapo unatembea juu ya mifupa ya viumbe waliomsumbua kichwa mtu mmoja maisha yake yote. Huyo ni Louis Leakey.

Mbona nimlete leo? Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba walikuwa wametia seli za binadamu ndani ya viinitete vya tumbili. Kiinitete, kumbuka, ni ile hatua ya mwanzo kabisa ya uhai, yai likisharutubishwa na kuanza kugawanyika. Vichache vilifika siku ya 19, kisha jaribio likakomeshwa. Lengo la mbali ni tiba, pengine siku moja kukuza figo au ini kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri. Wengi walishtuka: sasa hicho ni nini, mtu au tumbili? Leakey alikufa zamani, lakini swali hilo alikuwa amelibeba kitambo.

Alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamishonari Waingereza. Alikua akiongea Kikuyu na vijana wa rika lake, akapitia jando pamoja nao, halafu akaenda kusoma Cambridge. (Tusimfanye malaika. Kesi ya Kenyatta ilipoanza Kapenguria mwaka 1952, mkalimani wa mahakama alikuwa yeye, hadi upande wa utetezi ulipompinga akajiondoa.)

Mwaka 1932 timu yake iliokota taya pale Kanam, ufuo wa ziwa huko Homa Bay, naye akatangaza kuwa ni la binadamu wa kale sana. Miaka mitatu baadaye mtaalamu wa miamba akaja kutoka Uingereza kukagua. Leakey hakuweza kumwonyesha barabara mahali taya lilipotoka. Aibu ile ilimfuata miaka mingi.

Muhoroni nayo ilishaingia kwenye hadithi. Miaka ya 1920 mlowezi mmoja wa Koru alikuta visukuku kwenye mawe ya chokaa ya shamba lake, vikapelekwa London. Mwaka 1933 kiumbe huyo alipewa jina Proconsul, yaani aliyemtangulia Consul. Na Consul ni nani? Sokwe aliyekuwa akiwachekesha watu Uingereza kwa kuvaa na kula kama mtu! Hata wanasayansi wana utani wao.

Halafu 1961, Fort Ternan, kwenye shamba la mzungu aitwaye Fred Wicker. Heselon Mukiri, rafiki aliyechimba na Leakey kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi pale. Vikatoka vipande vya taya na meno vya miaka kama milioni 14. Leakey akamwita kiumbe huyo Kenyapithecus wickeri. Jina la mwenye shamba likaingia, la Mukiri halikuingia. Leakey akashikilia kwamba huyu yuko upande wetu wa ukoo, hata akadai alitumia jiwe kuvunjia mifupa. Wataalamu waliokuja baadaye walikataa. Kwao ni sokwe tu wa kale.

Sasa sikia hii, ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka 1964 Leakey na wenzake wawili walitaka visukuku vya Olduvai, Tanzania, viingizwe katika jenasi yetu, Homo. Tatizo ni kwamba kipimo kilichokuwa kikitajwa wakati huo kilidai ubongo wa sentimita za ujazo 750, na hawa hawakufika. Wakafanya nini? Wakashusha kipimo hadi 600. Homo habilis akaingia. Yaani kiumbe aliyekufa karibu miaka milioni mbili iliyopita alivuka mpaka kwa sababu watu watatu waliandika upya karatasi. Huenda walikuwa na sababu nzuri, sikatai. Lakini mstari ulichorwa na mkono wa mtu.

Miaka minne kabla ya hapo alikuwa amemtuma Jane Goodall kule Gombe, Kigoma, akachunguze sokwe. Goodall akawaona wakichokoa mchwa kwa vijiti walivyovitengeneza wenyewe. Leakey akaelewa mara moja: ama tubadilishe maana ya kifaa, ama maana ya mtu, la sivyo tuwakaribishe sokwe nyumbani.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyeanzisha kituo cha utafiti wa nyani pale Tigoni. Leo mrithi wake yuko Karen, katika msitu wa Oloolua, na nyani wametumika huko kuchunguza magonjwa ya binadamu, ikiwemo endometriosisi, ule ugonjwa unaowafanya wasichana wengi kulia kila hedhi. Ona mtego: nyani anafaa kwa utafiti kwa sababu anafanana nasi, na anaruhusiwa kutumiwa kwa sababu si sisi.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama alizaliwa miaka sita baadaye. Mwaka 2008 bunge la Uingereza likaruhusu viinitete vinavyochanganya mtu na mnyama kwa ajili ya utafiti, mwisho siku 14, na marufuku kuviweka ndani ya mwanamke. Kwa nini 14 na si 10 au 20? Kuna sababu za kibiolojia, ndiyo, lakini mwishowe watu waliketi wakakubaliana namba, kama ile 600.

Mimi sipingi utafiti wenyewe. Nina jamaa wanaosafishwa damu mara mbili kwa wiki, siwezi kuwaambia figo isubiri hadi nimalize kufikiri. Ninachotaka kujua ni nani alikuwa kwenye kile chumba namba ilipokubaliwa, na kama siku ya kuibadilisha kutakuwa na mtu wa Muhoroni ndani yake, au tutaletewa jina tu, kama walivyoletewa wachimbaji wa Fort Ternan.