Karamoja Bell: kijana aliyependa bunduki nyepesi

Msafiri atokaye Tororo kwenda Mbale, akifika Busiu, huuona Mlima Elgon upande wake wa kulia. Kaskazini ya mlima huo ndiko Karamoja, nchi iliyompa jina la utani Walter Bell.

Bell alizaliwa Scotland mwaka 1880, akafiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na kaka zake. Alifika Afrika Mashariki kabla ya kutimiza miaka 20, akapata kazi ya kuwinda simba kwenye Reli ya Uganda. Silaha yake ilikuwa bunduki ya .303 ya risasi moja. Akikosa, simba hakumsubiri ajaze nyingine.

Mwaka 1902 alirudi, akaanzia Mumias, kituo cha misafara, akaingia Karamoja kutafuta pembe za ndovu. Wenzake walibeba bunduki nzito zilizopiga teke bega. Yeye alipendelea Mauser ya milimita 7. Alichunguza mafuvu ya tembo hadi akajua ubongo ulipo. Kwa hesabu yake aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki hiyo ndogo.

Alifariki mwaka 1954. Ughaibuni, anayemchagulia mwanawe bunduki ya kwanza ya kuwindia paa hufuata funzo lilelile: iwe nyepesi, mtoto asiiogope.

Karamoja ilipata funzo jingine. Mwaka 1979 ghala la silaha la Moroto liliporwa, na vijana wachungaji wakabeba bunduki bila mtu wa kuwachagulia. Waliozikwa ni watu, si tembo.