John F. Kennedy: Rais aliyemeza vidonge kila siku ili asife

Ukimuuliza kijana yeyote wa Nairobi John F. Kennedy alikuwa nani, atakuambia mambo mawili: alikuwa rais wa Marekani, na alipigwa risasi. Kama alikuwa makini darasani kwenye somo la historia, ataongeza zile ndege zilizobeba wanafunzi wa Kenya kwenda kusoma ng'ambo. Basi, hapo ndipo wengi wetu tunaishia.

Kuna jambo jingine ambalo hata Wamarekani wenyewe hawakulijua akiwa hai. Huyo jamaa unayemwona kwa picha akiendesha mashua, meno meupe, nywele zikipeperushwa na upepo, alikuwa mgonjwa kiasi kwamba angekosa dawa zake kwa siku chache tu angeweza kufa. Shida yake ilikuwa kwenye mazungumzo kati ya ubongo na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Nitaeleza, usijali, mimi mwenyewe baiolojia ilinishinda Kidato cha Tatu.

Mtoto wa kulazwa

Kennedy alizaliwa Mei 29, 1917 katika mji wa Brookline, jimbo la Massachusetts, mtoto wa pili kati ya tisa. Babake, Joseph Kennedy, alikuwa tajiri wa kutisha, na kwake kulikuwa na sheria moja: Kennedy hashindwi, na Kennedy halii.

Lakini huyu mtoto, ambaye nyumbani walimwita Jack, alianza kuugua mapema. Kabla hajafika miaka mitatu alipata homa ya vipele vyekundu ikakaribia kumuua. Shuleni, katika bweni la Choate, alikuwa mwembamba kama ufito, tumbo likimsumbua mwaka nenda mwaka rudi. Mnamo 1934, akiwa na miaka 17, alipelekwa Mayo Clinic. Madaktari wakampima kila mahali pa kupimwa, na bado hawakupata jibu kamili. Yeye aligeuza mateso hayo kuwa vichekesho katika barua alizomwandikia rafiki yake. Si unajua vile sisi vijana hufanya? Jambo likiuma sana, unalitolea mzaha.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, mgongo na tumbo vilimfanya akataliwe jeshini. Baba akapiga simu kwa wakubwa, na kijana akaingia jeshi la majini. Usiku wa Agosti 2, 1943, katika Visiwa vya Solomon, manowari ya Japani iliigonga boti yake, PT-109, na kuikata vipande. Wanajeshi wawili walifariki. Kennedy aliogelea kwa saa kadhaa hadi kisiwani akimvuta mwenzake aliyeungua, kamba ya jaketi la yule majeruhi akiwa ameiuma kwa meno. Alirudi nyumbani shujaa, na mgongo ukiwa mbaya zaidi ya ulivyokuwa.

Makanga anagonga, dereva hayuko

Mnamo 1946, akiwa na miaka 29, alichaguliwa mbunge. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Uingereza na Ireland, akazidiwa akiwa London. Presha ilikuwa chini kabisa, nguvu zimeisha. Daktari wa huko ndiye aliyegundua kitu ambacho wenzake wa Marekani walikuwa wamekikosa: ugonjwa wa Addison. Alikadiria kwamba kijana huyo hana hata mwaka mmoja wa kuishi. Akiwa melini kurudi Marekani, kasisi aliitwa kumpa mpako wa wagonjwa.

Sasa, ugonjwa wa Addison ni nini? Jina limetoka kwa Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, aliyeueleza mwaka wa 1855. Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo kinachoitwa adrenali. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza kotisoli, homoni inayokuamsha asubuhi, inayoshikilia presha na sukari ya damu, na inayokupa nguvu za kukabiliana na balaa.

Tezi hizo hazijiamulii. Chini ya ubongo kuna sehemu inayoitwa haipothalamasi, ambayo hupima hali ya mwili bila kuchoka. Ikiona kotisoli imepungua, inatuma ujumbe kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari inamwaga homoni kwenye damu kuziamuru adrenali zifanye kazi. Kotisoli ikitosha, yenyewe hurudi ubongoni na kusema imetosha, na amri zinapungua.

Fikiria matatu. Abiria ndiye ubongo, anataka kushuka. Makanga ndiye pituitari, anagonga bodi. Dereva ndiye adrenali. Kwa mgonjwa wa Addison, dereva ameruka nje kitambo. Makanga anagonga, anagonga tena, anagonga hadi mkono unavimba, lakini gari halijibu.

Na huko kugonga sana kunaacha alama. Ile homoni ya pituitari ikizidi huamsha pia chembe zinazotia ngozi rangi, kwa hivyo mgonjwa anakuwa mweusi kiasi, kama mtu aliyeota jua. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kichwani mambo ni mabaya vilevile. Kotisoli ikikosekana unachoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, unakuwa na huzuni, akili inakuwa nzito, hata kuchanganyikiwa. Ikizidi nayo ni balaa nyingine: usingizi unakimbia, hasira zinapanda, wengine wanajiona kama wafalme, wengine wanasikia sauti zisizokuwepo. Mwaka wa 1932 daktari wa upasuaji wa ubongo, Harvey Cushing, alieleza ugonjwa wa upande huo wa pili, ambapo uvimbe mdogo kwenye pituitari unaufanya mwili uogelee kwenye kotisoli. Ubongo unahitaji homoni hii kwa kipimo, kama chumvi kwenye sukuma.

Bahati ya kuzaliwa wakati sahihi

Angezaliwa miaka 20 mapema, hadithi ingeishia hapo. Lakini sayansi ilikuwa inakimbia. Kwanza alipandikizwa chini ya ngozi vidonge vya homoni ya kutengenezwa maabarani, kila baada ya miezi kadhaa. Kisha ikaja kotisoni. Watafiti Kendall, Hench na Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1950 kwa kazi yao kuhusu homoni za adrenali, na kina Kennedy walikuwa na pesa ya kuipata dawa mapema. Inasemekana familia ilificha akiba ya dawa kwenye masanduku ya benki katika miji mbalimbali, ili Jack asije akaishiwa akiwa safarini.

Familia hiyo ilikuwa imeshaonja msiba. Mwaka wa 1941 dada yake Rosemary alifanyiwa upasuaji wa ubongo kwa amri ya baba, na hakuweza tena kujitegemea maisha yake yote. Kaka mkubwa, Joe, alifariki vitani 1944. Dada mwingine, Kathleen, alikufa kwa ajali ya ndege 1948. Matumaini yote ya mzee yakamwangukia mgonjwa.

Oktoba 1954 Jack aliamua kufanyiwa upasuaji wa mgongo mjini New York. Mtu mzima wa afya akipasuliwa, ubongo huamrisha kotisoli iongezwe maradufu. Yeye hakuwa na adrenali za kuitikia, kwa hivyo madaktari walilazimika kumwongezea kwa dawa na kuomba Mungu. Aliambukizwa viini, akapoteza fahamu, kasisi akaitwa tena. Akapona.

Mwaka uliofuata jarida la madaktari likachapisha makala kuhusu mgonjwa wa Addison, mwanaume wa miaka 37 aliyepasuliwa New York. Jina halikutajwa. Siri ilikuwa imeanikwa hadharani na umma haukuitambua.

Julai ya uongo na ukarimu

Tufike 1960. Kennedy anataka tiketi ya chama cha Democratic. Mapema Julai, wafuasi wa mpinzani wake Lyndon Johnson wakawaambia wanahabari kwamba jamaa ana ugonjwa wa Addison. Kambi ya Kennedy ikakanusha. Ujanja wao ulikuwa hivi: zamani ugonjwa huo ulisababishwa mara nyingi na kifua kikuu kinachokula adrenali. Yeye hakuwa na kifua kikuu, kwa hivyo, wakasema, hana Addison ile yenyewe. Madaktari wake wakatia sahihi barua ya kusema adrenali zake ziko sawa. Watu wakaamini.

Mwezi huohuo, Julai 26, Tom Mboya alimtembelea nyumbani kwake Hyannis Port kumwomba msaada wa nauli za wanafunzi. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri Septemba hiyo alikuwa msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma Kansas, Wangari Maathai. Kwa hivyo Kenya pia ina sehemu yake katika hadithi ya huyu mgonjwa.

Septemba 26, Wamarekani takriban milioni 70 walitazama mjadala wake na Richard Nixon kwenye televisheni. Nixon alikuwa ametoka hospitalini juzi tu kwa shida ya goti, akaonekana amekwajuka. Kennedy alikuwa na ngozi iliyoiva vizuri, mtu wa afya tele. Ni kweli alikuwa amekaa juani akifanya kampeni. Lakini madaktari wengi tangu hapo wametaja pia ile alama ya makanga anayegonga bodi. Yaani huenda watu walipenda rangi ya ugonjwa wakidhani ni rangi ya afya. Alishinda Novemba kwa tofauti ya kura laki moja na kitu, kati ya kura karibu milioni 69.

Ikulu na sindano

Akiwa rais alimeza steroidi kila siku. Alipewa pia homoni ya tezi ya shingo, testosteroni, dawa za tumbo, dawa za maumivu na dawa za usingizi. Mei 1961 aliumiza mgongo akipanda mti nchini Kanada, na mwezi uliofuata alikutana na kiongozi wa Usovieti, Khrushchev, mjini Vienna akiwa na maumivu makali. Kulikuwa na daktari mmoja wa New York, Max Jacobson, aliyekuwa akimdunga sindano zenye amfetamini ili apate nguvu. Madaktari wengine wa ikulu walipinga vikali. Baadaye mtaalamu wa mazoezi, Hans Kraus, akaanza kumnyoosha mwili taratibu, na mgongo ukapata nafuu.

Oktoba 1962 zikaja zile siku 13 za makombora ya Kuba, dunia nzima ikichungulia kaburi la nyuklia. Mtu aliyekuwa katikati ya maamuzi hakuwa na kotisoli yake mwenyewe ya kukabili hofu, alikuwa na ya kidonge. Mwanahistoria Robert Dallek, aliyeruhusiwa kusoma faili zake za matibabu mwaka wa 2002, alihitimisha kwamba dawa hizo hazikumharibia uamuzi. Alikataa kushambulia, akatafuta njia ya kuongea.

Novemba 22, 1963, mjini Dallas, risasi zilimkatiza akiwa na miaka 46. Hata siku hiyo alikuwa amevaa mshipi mgumu wa kushikilia mgongo chini ya suti.

Kwa nini nakuambia haya

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kwa miezi mitano nilimdanganya mama kwamba bado niko darasani. Kwa hivyo sina ubavu wa kumhukumu mtu kwa kuficha kitu. Naelewa. Ukishajenga picha fulani, kila siku inakuwa kazi ya kuilinda. Lakini wapiga kura walistahili kujua, na hilo pia naliamini.

Kinachonikera zaidi kiko hapa mtaani. Kuna dada tuliyekuwa tukiishi naye ploti moja. Alinunua vidonge vya kunenepesha, visivyokuwa na pakiti wala maelezo. Akajaza uso, akafurahi, akavimeza miezi mingi. Siku pesa zilipoisha akaacha ghafla. Wiki haikuisha tukambeba hospitalini amezirai, presha iko chini. Kumbe vilikuwa steroidi. Ubongo wake ulikuwa umeona kotisoli bandia imejaa, ukaacha kutuma amri, na adrenali zake zikalala. Alipoacha, hakukuwa na wa kuziamsha haraka. Alipona, lakini ilichukua muda.

Kwa hivyo kama umekuwa ukimeza steroidi kwa wiki nyingi, za pumu, za ngozi au za makalio, usiache ghafla. Mwone daktari akupunguzie kidogokidogo. Na kama umekuwa ukichoka bila sababu, unakonda, unatamani chumvi, kizunguzungu ukisimama, ngozi inakuwa nyeusi hata mahali jua halifiki, nenda upimwe. Kipimo cha damu cha asubuhi kinaweza kuanza kutoa jibu. Na usimfiche daktari kile ulichokuwa ukimeza, hata kama unaona aibu.