Wallace Sabine, mwalimu aliyepima mwangwi

Katika makanisa na sale nyingi za Likasi, zenye kuta za matofali, sima chini na mabati juu, maneno ya pasta yanarudi-rudi mpaka aliye nyuma hashiki kitu. Wengi wanaongeza bafle. Aliyeonyesha kwamba dawa iko pengine ni Mmarekani, Wallace Clement Sabine.

Alizaliwa mwaka 1868 huko Richwood, jimbo la Ohio, kiisha akawa mwalimu wa fizikia kwenye chuo kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 chuo kilikuwa na sale mpya ambamo wanafunzi hawakuelewa somo: sauti ilibaki hewani zaidi ya sekunde 5. Sabine akaombwa kuitengeneza.

Alifanya kazi usiku, kelele zikiisha. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka teatri ya jirani, wakaipanga ndani, wakapiga filimbi ya ogani na kupima sauti inakufa kwa muda gani. Asubuhi mito ilikuwa imesharudishwa. Akaona kwamba sale kubwa inarefusha mwangwi, lakini mito, mazulia na hata miili ya watu inaumeza. Mwaka 1898 akapata kanuni yake, ikatumika kujenga Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa 1900.

Alikufa Januari 1919, akiwa na miaka 50. Leo povu la studio na pamba ya mawe hupimwa kwa kipimo chenye jina lake, sabin. Asiye na pesa ya vitu hivyo, rido nzito na mablangeti ukutani vinamsaidia. Kuongeza bafle peke yake hakupunguzi mwangwi.