Alfred Binet: alitunga kipimo cha akili, akakiwekea mipaka

Wengi wamesikia habari ya kipimo cha akili, lakini ni wachache wanaojua kilitoka wapi. Aliyekianzisha ni Mufaransa Alfred Binet, aliyezaliwa Nice tarehe 8 Julai 1857. Kwanza alisomea sheria, kisha akaingia katika saikolojia.

Kwa miaka alitafuta fasi akili inaonekana. Alipima vichwa vya wanafunzi, wale werevu na wale wazito. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Tena akaona kwamba mupimaji anayejua mapema nani ni mwerevu anaweza kuvuta matokeo bila kujua. Akaiacha njia hiyo.

Munamo mwaka 1904, serikali ya Ufaransa iliunda tume juu ya watoto wanaoshindwa masomo. Binet hakutaka mtoto atengwe kwa maoni ya mwalimu peke yake. Mwaka 1905, yeye na munganga Théodore Simon walitoa majaribio 30: kufuata moto wa kibiriti kwa macho, kurudilia tarakimu, kutaja vitu vya kwenye picha. Mwaka 1908 wakayapanga kufuatana na umri wa watoto.

Kwake, kipimo kilionyesha tu mtoto amefika wapi leo. Hakikusema ni kwa nini, wala kesho atakuwa nani. Binet alikataa wazo kwamba akili haiongezeki, na watoto wazito akawatungia mazoezi ya kukaza uangalifu. Kule Brussels watoto wa wenye mali walipowashinda wale wa mitaa maskini ya Paris, ikaonekana wazi: hali ya nyumbani nayo inaingia katika pointi.

Alikufa Paris tarehe 18 Oktoba 1911, na mipaka yake ikasahauliwa haraka. Huko Marekani kipimo kiligeuzwa kuwa hukumu ya maisha yote. Mwaka 1927, jimbo la Virginia lilimfunga kizazi mwanamke kijana, Carrie Buck, aliyepimwa na kuambiwa ana akili ya mtoto wa miaka 9. Mahakama kuu ya inchi ilikubali. Hata mtoto wake muchanga walimuhesabu kuwa na akili pungufu.

Kumbe mtoto yule alipoingia masomo, jina lake liliandikwa kati ya wanafunzi waliofanya vizuri. Lakini kizazi cha mama yake kilikuwa kimekwisha kufungwa.