Byang Kato, Mwalimu Aliyetaka Moto na Kitabu

Jumapili iliyopita baada ya ibada, kijana mmoja wa darasa langu alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza kama ni makosa kutaka kwenda chuo cha Biblia. Kuna mtu amemwambia chuo kitamzimia moto. Sikumjibu hapo hapo. Wacha nimjibu kwa maisha ya Byang Kato.

Kato alizaliwa mwaka wa 1936 huko Kwoi, kaskazini mwa Nigeria. Wazazi wake walimtoa angali mtoto mchanga awe kuhani wa mizimu ya watu wake, Wajaba. Yaani njia yake ilikuwa imeshapangwa na wengine. Lakini akiwa na miaka 12, shuleni, mwalimu aliwasimulia habari za safina ya Nuhu, naye akaamua hatabaki nje. Akampokea Yesu.

Masomo ya sekondari aliyamaliza kwa posta, si darasani kama watoto wetu. Akaenda London kusomea theolojia, akarudi kufundisha Igbaja, nyumbani Nigeria, kisha akaenda Dallas, Marekani, na kupata udaktari. Mwaka wa 1973 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa katibu mkuu wa muungano wa makanisa ya kiinjili ya Afrika, ofisi ikiwa hapa hapa Nairobi.

Sasa, Kato hakuwa Mpentekoste, tusidanganyane. Lakini kitabu chake kikubwa kilitolewa Kisumu mwaka wa 1975 na Evangel Publishing House, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kipentekoste. Ndani yake alipambana na maandishi ya wasomi wakubwa, akiwemo John Mbiti wetu wa Kitui. Hofu yake ilikuwa kwamba kanisa la Afrika litachanganya Injili na dini za mababu bila kujitambua. Mimi naona kuna mahali alikuwa mkali kupita kiasi. Lakini angalia: alisoma kwanza, kurasa kwa kurasa, ndipo akapinga. Sisi wengine tunakemea kitabu ambacho hata jalada lake hatujaliona!

Kilichomuuma zaidi ni wanafunzi. Mwafrika akitaka kusoma Biblia hadi ngazi ya juu, ilibidi afunge safari hadi Ulaya au Marekani, kama yeye mwenyewe. Wangapi wangeweza? Kwa hiyo akaanza kusukuma zijengwe shule mbili za theolojia, za watu waliokwisha kupata shahada: moja ya Kifaransa, moja ya Kiingereza. Akazunguka, akahubiri, akawaomba makanisa.

Desemba 1975 alienda Mombasa na mkewe Jummai na watoto wao kupumzika. Tarehe 19 akafa maji baharini. Alikuwa na miaka 39. Huyo mama akabaki na watoto watatu, mbali na kwao. Hapo mimi sina la kueleza, nanyamaza tu.

Shule ya Kifaransa ilifunguliwa Bangui mwaka wa 1977. Ya Kiingereza ilianza Nairobi mwaka wa 1983, na leo ni chuo kikuu kule Karen. Kijana wangu, kutoka Kayole ni matatu mbili: moja hadi tauni, nyingine hadi Karen. Jumatatu nitakusindikiza tukachukue fomu.