Katherine Dunham: Mcheza dansi aliyewafungulia vijana maskini mlango wa sanaa

Mmarekani mweusi Katherine Dunham alitumbuiza katika majukwaa makubwa ya Marekani, Ulaya na Amerika Kusini. Lakini miaka mingi ya maisha yake aliitumia katika mji maskini wa East St. Louis, akifundisha vijana dansi, muziki na historia yao.

Alitokea wapi?

Dunham alizaliwa mwaka 1909 katika jimbo la Illinois. Alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1935 akaenda visiwa vya Karibi kufanya utafiti wa ngoma, hasa Jamaica na Haiti. Aliandika alichokiona, kisha akaingia uwanjani kucheza na wenyeji. Huko alikuta ngoma zenye mizizi ya Afrika, zilizohifadhiwa na vizazi vya watu waliotolewa utumwani. Kutokana na utafiti huo alibuni mbinu ya kufundisha dansi inayochanganya miondoko ya Afrika, Karibi na baleti.

Alipambana vipi na ubaguzi?

Mwaka 1944, baada ya onyesho mjini Louisville, aliwaambia watazamaji kuwa hatarudi hadi weusi waruhusiwe kuketi pamoja na weupe. Mwaka 1950 hoteli moja ya São Paulo ilikataa kumpokea kwa sababu ya rangi yake. Alilalamika hadharani, na mwaka uliofuata Brazil ikapitisha sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka huo wa 1951 alionyesha nchini Chile dansi iitwayo Southland, kuhusu weusi waliouawa na makundi ya weupe kusini mwa Marekani. Maafisa wa serikali ya Marekani hawakufurahishwa nayo.

Kwa nini East St. Louis?

Katika miaka ya 1960 viwanda vya mji huo vilikuwa vikifungwa, ajira zikipungua na vijana wakijiunga na magenge. Mwaka 1967, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Southern Illinois, Dunham alianzisha hapo kituo cha mafunzo ya sanaa za maonyesho. Mwaka huohuo alikamatwa na polisi alipohoji kwa nini kijana mmoja anatiwa mbaroni.

Kituoni, watoto na vijana walijifunza dansi, kupiga ngoma, tamthilia na tamaduni za Afrika. Dunham aliamini kuwa kijana anayejua asili yake hujithamini, na anayejithamini ni vigumu kupotezwa na mtaa. Baadhi ya walimu walitoka Afrika kwenyewe. Mmoja wao alikuwa Mor Thiam, mpiga ngoma wa Senegal ambaye Dunham alifahamiana naye alipofanya kazi Dakar. Mtoto wa Thiam, aliyezaliwa St. Louis, ndiye mwanamuziki Akon.

Ameacha nini?

Umaskini wa East St. Louis haukuisha, lakini Dunham hakuuhama mji huo hadi uzeeni. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 82, aligoma kula kwa siku 47 kupinga Marekani kuwarudisha kwao wakimbizi wa Haiti.

Alifariki dunia mjini New York mwaka 2006. Mbinu yake ya dansi ingali inafundishwa.