Archibald McIndoe: daktari aliyebadilisha tiba ya majeraha ya moto

Archibald McIndoe alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Alisomea udaktari huko, akaendelea Marekani, kisha mwaka 1930 akahamia London. Huko alijifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa ndugu yake wa ukoo, Harold Gillies.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, alipelekwa Hospitali ya Queen Victoria katika mji wa East Grinstead, Uingereza. Alipokea marubani vijana walioungua uso na mikono. Wakati huo kidonda cha moto kilipakwa asidi ya taniki, ambayo ilikikausha kikawa gamba gumu. Chini ya gamba hilo vidole vilijikunja na kope zikavutika, macho yasifungike.

McIndoe aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi. Akaachana na asidi hiyo, akawaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kisha akawapandikiza ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya miili yao.

Hakutibu ngozi peke yake. Aliwaomba watu wa mji wawakaribishe vijana hao bila kuwakodolea macho. Mwaka 1941 wagonjwa waliunda chama chao, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649.

Alikuwa pia na shamba karibu na Kilimanjaro. Mwaka 1957, yeye pamoja na Michael Wood na Thomas Rees walianzisha shirika ambalo leo tunaliita AMREF, lililowapeleka madaktari kwa ndege hadi vijijini.

McIndoe alifariki Aprili 1960. Mwaka uliofuata kilifunguliwa kituo cha utafiti katika hospitali ile ile, kwa fedha za Neville na Elaine Blond, kikabeba jina lao na lake. Fedha za namna hiyo ni muhimu, kwa sababu asidi ya taniki nayo ilitumiwa kwa nia njema. Utafiti ndio unaotutenganishia dawa na mazoea yanayodhuru.

Mazoea hayo bado yapo majumbani mwetu. Mtoto akiungua:

- Mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu.
- Vua nguo na bangili, ila usibandue kilichoganda kwenye ngozi.
- Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai, na usitumbue malengelenge.
- Usitengeneze maji ya chumvi nyumbani. Yale ya hospitali hupimwa kwa uangalifu.
- Funika kwa kitambaa safi, mkinge mtoto na baridi, umwahishe kituo cha afya.

Kidonda kikipona, mnyooshe vidole kila siku kama muuguzi atakavyokuelekeza. Na usimfiche mtoto ndani kwa sababu ya kovu. Mwache acheze na wenzake.